Acheni kutuchorea mpira bapa! Kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga hakionekani hivyo

Wakuu, kila video ya kasi ya mwanga ni ileile: mpira unapita kwa 0.9c (c ni kasi ya mwanga) na mchoraji anaubana kama sahani. Huko ni kupima, si kuona! Urefu hufupika ukizipima ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Kamera haifanyi hivyo. Inakusanya mwanga uliofika pamoja, hata kama uliondoka nyakati tofauti. Wanafizikia Penrose na Terrell walilimaliza hili mwaka 1959, na mpaka leo mnabana mipira.

Chukua mchemraba wa mita 1 unaokatiza mbali mbele yako kwa 0.9c. Mwanga wa kona ya nyuma, ile ya upande wa mbali nawe, una mita 1 zaidi ya kusafiri, yaani nanosekunde 3.3, kwa hiyo uliondoka mapema. Katika muda huo mchemraba umesogea sm 90 na kuupisha. Matokeo yake uso wa nyuma, ambao ungetakiwa ujifiche, unauona kwa upana wa sm 90, na ubavu unaokutazama umebaki sm 44. Piga hesabu: ni mchemraba mzima, haujabanwa popote, umegeuzwa tu nyuzi 64. Sasa geuza mpira uone kama utaacha kuwa duara.

Rangi nayo, eti "kinachokuja kinakuwa bluu". Kikija usoni kwa 0.9c, masafa ya mawimbi ya mwanga wake hupanda mara 4.36. Wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 unafika ukiwa 149, urujuanimno usioonekana kwa jicho. Utakachoona ni infraredi yake, mwanga ulio chini ya wekundu ambao kwa kawaida jicho halioni: ya nanomita 2,400 inakufikia ikiwa kijani.

Kuzidi c ndiyo aibu kabisa. Chenye masi hakifiki huko, sawa, ila ukiamua kuchora, chora kwa hesabu. Chombo cha 2c kikikujia huoni kitu mpaka kikupite, maana kimeutangulia mwanga wake. Hapo zinatokea taswira mbili: moja inaendelea mbele kwa theluthi mbili ya c, nyingine inarudi kilikotoka kwa 2c, na mishale ya saa iliyomo inazunguka kinyumenyume, kwa kuwa mwanga ulioondoka mwisho ndio unaofika kwanza. Nyie mnatuwekea mstari mweupe na mlio. Mlio, kwenye ombwe!

Na asije mtu kudai c imezidiwa kwa mchirizi wa chembe unaorushwa na galaksi ya M87, unaoonekana kwenda mara 6 ya c. Unakuja karibu uelekeo wetu, chini ya c, ukiufukuzia mwanga wake mwenyewe, ndiyo maana safari ya miaka mingi inatufikia imebanwa katika michache.