Sudan Kusini walipata bendera ila bomba likabaki kwa jirani, hivi kujitenga kunalipa kweli?

Wakuu salaam. Kila ikitajwa habari ya eneo fulani kutaka kujitenga, kuna watu hoja yao ni moja tu, "mali ni yetu, tukiondoka tutakula wenyewe". Haya tuichukue Sudan Kusini, maana wale walikuwa na sababu zote, vita zaidi ya miaka 20, kura ya maoni Januari 2011 karibu asilimia 99 wakataka kuondoka, tarehe 9 Julai bendera ikapanda Juba.

Na waliondoka na kama robo tatu ya mafuta ya Sudan yote. Sasa yanatokaje? Bomba linaenda kaskazini mpaka Port Sudan, bandari ni ya Khartoum (serikali ya Sudan), kiwanda cha kusafisha cha Khartoum, na siku bendera inapanda hawajakubaliana hata ada ya kupitisha pipa moja! Khartoum ikataka dola 36 kwa pipa, Juba wakasema huo ni wizi, Khartoum ikaanza kujichotea mafuta kufidia deni lake, Januari 2012 Juba wakazima visima. Yaani nchi ambayo karibu hela yote ya serikali inatoka kwenye mafuta inajifungia yenyewe, zaidi ya mwaka, yakaja kutoka tena Aprili 2013 halafu Desemba hiyohiyo Rais Kiir na aliyekuwa makamu wake Machar wakaingia vitani.

Sisemi wangebaki, kwa waliyofanyiwa hata mimi ningepiga kura ya kuondoka. Ila bomba, madeni na mipaka vimalizwe kabla ya kura, eneo la Abyei pale mpakani mpaka leo wanagombania.

—Mkuu unawaonea. Ukisema wasubiri yamalizwe kwanza, Khartoum ingewazungusha mpaka kesho, mwenye bomba ana haraka gani? Na mbona hao waliobaki, Sudan yenyewe, huwataji? Mafuta yalivyoondoka dola zikakauka, uchumi ukaenda chini mwaka hadi mwaka, Desemba 2018 bei ya mkate imepanda mara tatu watu wa mji wa Atbara wakaingia barabarani, Aprili 2019 Rais Bashir kwisha. Aliyeumia ni nani hapo?

—Wote mkuu, ndo ninachosema! Hilo la kuzungushwa nakupa, ni kweli. Lakini angalia, 2024 bomba lilipasuka upande wa Sudan kwenye eneo la vita, vita si vyao, ila watumishi wa Juba ndio waliokaa miezi bila mshahara. Miaka 13 baada ya uhuru bado shingo ilikuwa mikononi mwa jirani. Walitaka kupitishia Lamu, Machi 2012 Kibaki, Kiir na Meles wa Ethiopia wakaenda pale kuzindua mradi, bomba lenyewe hadi leo halijajengwa. Na benki gani itakopesha bomba la nchi ambayo uchaguzi wake wa kwanza kila ukikaribia unaahirishwa?