Farasi dume aliyechomwa steroidi: atazalisha tena?

Swali: Wadau, naombeni msaada. Nina farasi dume wa miaka 6, mpole ajabu. Mmiliki wa kwanza alimchoma steroidi ili ajenge misuli. Anapanda majike vizuri, hamu anayo, lakini hawashiki mimba. Korodani naziona ndogo na laini. Nampenda huyu mnyama, sitaki kumhasi. Kuna matumaini?

Jibu: Pole sana. Hamu isikudanganye, mbegu ni habari nyingine. Steroidi hizo hufanya kazi kama testosteroni, homoni ya kiume. Homoni ya sindano ikijaa kwenye damu, ubongo unaona inatosha, na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inapunguza homoni za LH na FSH, zile zinazoziamuru korodani zifanye kazi. Korodani zinasinyaa, na testosteroni ya humo ndani, ambayo mbegu zinaihitaji hasa, inashuka. Tafadhali, mtu asikushauri kumwongezea testosteroni! Itazidi kumwumiza.

Muulizaji: Kumbe! Alipewa pia altrenojesti, dawa ya homoni, ili atulie. Nayo inahusika?

Jibu: Ndiyo, kwa dume nayo hushusha LH na utengenezaji wa mbegu. Mwambie daktari wa mifugo yote mawili, pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho.

Jibu lingine: Tumaini lipo. Mbegu ya farasi hutengenezwa kwa siku 57 hivi, kisha hukomaa kwenye epididimisi, mrija ulioshikamana na korodani, kwa hiyo dawa zikikoma leo usitarajie mabadiliko wiki ijayo. Apimwe korodani kwa altrasaundi, manii yakaguliwe, kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Mara nyingi hali hurejea, ila polepole.