Mjadala: Wapenzi wanaochelewa kutamkiana, ni utamu au ni kutuburura?

Mtoa hoja, Mji wa Kale:
Wasomaji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, na riwaya nyepesi za huko, zile fupi za vijana, nawaomba tujadili jambo linalotugawa kila tunapoazimana juzuu. Kuna mhusika anayempenda mwenziwe, msomaji anajua, marafiki wote wanajua, ila neno lenyewe halitamkwi hadi karibu na mwisho. Wengi wamechoshwa na kisa hicho. Mimi nakipenda, na naona sisi wa Mombasa tungekuwa wa mwisho kukilaumu, kwa kuwa tumelelewa katika mji ambamo leso huchaguliwa kwa jina lake na mtu hujibiwa bila kinywa kufunguliwa. Toradora!, riwaya ya Yuyuko Takemiya iliyotoka kwa juzuu 10 kati ya 2006 na 2009, inaanza na wahusika wake wakuu, Ryuji na Taiga, wakisaidiana kuwapata watu wengine kabisa. Lau wangejitambua mapema, kisa kisingekuwapo. Ninachokichukia ni ile suitafahamu ya mlango uliofunguliwa wakati mbaya, ambayo ingekwisha kwa sentensi moja, lakini tunaburuzwa nayo sura sita.

Msomaji, Likoni:
Ndugu mtoa hoja, leso umeivutia upande wako bila haki. Anayeivaa anataka ujumbe ufike, hata kama baadaye ataukana. Wahusika hawa hawafumbi, wananyamaza tu. Tena tusisahau biashara: manga nyingi hutoka sura kwa sura majaridani, na jarida la Weekly Shōnen Jump huwauliza wasomaji wake wanapenda hadithi zipi, zinazokosa kura zikawa hatarini kukatizwa. Mwandishi anayependwa kwa sababu wawili wake hawajapatana ana haraka gani ya kuwapatanisha? Nisekoi, manga ya mapenzi, ilichapishwa humo kuanzia 2011 hadi 2016 na kufikia juzuu 25. Mimi niliisoma ferini asubuhi na jioni, nikaiacha njiani. Heri visa vya ndoa ya mkataba, ambamo watu huoana kwanza kwa sababu ya deni au urithi, mapenzi yakafuata. Wako wanaosema haiwezekani, ila ni nyumba ngapi za mitaani kwetu zilizoanza kwa posa ya wazee, maarusi wakajuana baadaye? Humo kimya kina sababu, kwani atakayetamka kwanza ndiye atakayekuwa amevunja masharti.

Msomaji, Kisauni:
Mnashindana juu ya kimya na kuliacha lililo zito zaidi. Kabedon ni pale kijana anapoupiga ukuta kwa kiganja huku msichana amebanwa katikati. Kabe ni ukuta, na don ni ule mshindo. Neno hilo lilikuwa miongoni mwa 10 yaliyovuma zaidi Japani mwaka 2014. Rafiki zangu wanaolipenda wana hoja yao, kwamba kitabuni msomaji ndiye mwenye mamlaka, kwa kuwa akichukizwa hukifunga. Naikubali nusu. Nusu ya pili inanishinda kila ninapomwona mdogo wangu, ambaye bado yuko shuleni, akisoma ukurasa huohuo na kutabasamu, kwa maana mchoraji amemjazia kijana maua pembeni na kumnyima msichana hata nafasi ya kusema hapana.

Mtoa hoja:
Dada wa Kisauni, hapo sina utetezi. Hayo maua ndiyo yanayotuhadaa. Ama ndugu wa Likoni, umenisahihisha kwa haki, nami nairekebisha hoja yangu: kimya kinachopendeza ni kile ambacho mikono inasema. Ryuji humpikia Taiga, wakala meza moja siku baada ya siku, na wala hakuna aliyeuliza maana yake. Sahani ile ndiyo leso yake, na jina lake linasomeka kwa kila mtu isipokuwa wao wawili. Nisekoi nakuachia; hata mimi sikuifikia juzuu ya 25.