Je, harufu iruhusiwe kutangazwa kuwa tiba ya presha?

Mleta mada: Wauzaji wa udi na mafuta ya lavenda hudai kwamba bidhaa zao hushusha presha, nami naona waachwe. Ishara za harufu hutoka puani na kufika kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, bila kupitia kwanza thalamasi, yaani kituo cha ubongo kinachopokea ishara za hisi na kuzisambaza, kama zipitavyo ishara za macho na masikio. Kutoka hapo njia inaendelea hadi haipothalamasi na shina la ubongo, ambako mapigo ya moyo, jasho na upana wa mishipa ya damu hurekebishwa pasipo sisi kuamua lolote.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, kuhusu njia hiyo sina ugomvi nawe. Madaktari wa kifafa wanaifahamu, kwani wapo wagonjwa ambao kifafa chao huanza kwa kusikia harufu mbaya isiyokuwapo, na moyo huweza kwenda mbio wakati huohuo. Ila njia kuwapo ni jambo moja, na dawa kupita humo ni jambo jingine. Presha ni ugonjwa wa miaka, ilhali pua huizoea harufu ndani ya dakika chache. Tena harufu haina mwelekeo mmoja kwa watu wote, kwa kuwa amigdala hupakana na sehemu zinazotunza kumbukumbu: udi uleule unaomtuliza bibi harusi unaweza kumtia simanzi aliyeuzoea msibani. Wala si kila kinachoingia puani na kuushtua moyo ni harufu. Amonia anayonusishwa aliyezimia humzindua hasa kwa kuichoma neva ya trijemino, ambayo kazi yake ni kupokea maumivu na miguso ya uso. (Ndiyo maana hata asiyesikia harufu kabisa hushtuka akinusishwa.)

Mleta mada: Kuhusu amonia nimekubali. Lakini mgonjwa anayemeza vidonge vyake kama alivyoagizwa, kisha akafukiza udi ili apate usingizi, anamkosea nani?

Mchangiaji: Hamkosei mtu, na afukize. Ninachokipinga ni neno «tiba» kubandikwa kwenye chupa, kwa sababu mwenye presha kwa kawaida hasikii dalili yoyote. Akiona ametulia atadhani amepona na kuacha vidonge, wakati kipimo cha mkononi kingemwambia vingine.