Mjadala: Halmashauri za Mwanza, mfumo wa usimamizi wa mazingira kwanza au gari la taka kwanza?

Nyamagana_Damu: Wakuu, naleta hoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa mazingira na mpango wake. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wote wamo. Mimi nataka twende mbele zaidi, halmashauri iendeshwe kwa mfumo kamili, kama ISO 14001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira kilichotoka 1996. Mnaorodhesha kila kinachochafua, mnaweka malengo, kila lengo linakuwa na mtu wa kuulizwa, mkaguzi anakuja, pasipotimia mnarekebisha na mnapimwa tena. Ulaya wana mfumo wao wa aina hiyo, EMAS, na tangu 2001 halmashauri nazo zinaruhusiwa kujiunga. Sisi usafi wetu unategemea kiongozi mkali; akihamishwa, usafi unahama naye. Mto Mirongo unamwaga uchafu ziwani, na maji ya kunywa tunayachota ziwa hilohilo. Halafu watu wa milimani nao wabadilike, mvua ikianza tu wanaachia taka kwenye mitaro.

Mwana_Igogo: Uliandika vizuri mpaka ulipofika milimani. Gari la taka linapita wapi huku kwetu? Mama anashuka ngazi za mawe, kiroba kichwani, mkono mmoja kashika mwamba, anafika lami gari limeshaondoka. Lakini ada inamfuata mpaka mlangoni, mtu na mashine yake ya risiti. Usituite wachafu.

Duka_Mabatini: Hakuna aliyekutukana, ndugu. Mimi niko bondeni, kando ya Mirongo. Mvua ya usiku ikipiga, asubuhi kabla sijafungua duka naopoa pampasi na chupa mlangoni. Maji hayo hayatoki ziwani, yanashuka.

Mwana_Igogo: Na wewe duka lako liko mita ngapi kutoka mtoni? Sheria hiyohiyo inakataza shughuli ndani ya mita mia kutoka kwenye maji.

Duka_Mabatini: Ni sitini, kasome kifungu cha 57. Na leseni nalipa kila mwaka, halmashauri inapokea hela yangu bila kuniuliza mita. Mimi nimeongelea pampasi, wewe unanihamisha dukani kwangu!

Binti_Bwiru: Ngojeni kwanza. Kama ni mita 60, upimaji uanzie ufukweni. Kuna majumba yenye kuta zinazoingia majini kabisa, mtoto akitaka kuoga ziwani azunguke nusu kilometa. Kila siku mfano ni maskini wa mlimani na mwenye duka la bondeni. Mwenye ukuta hatajwi.

Duka_Mabatini: Dada, hapo umenisemea.

Fundi_Bomba: Mnasema mlimani hakufikiki, mbona majitaka yalifikiwa? Mamlaka ya maji imepitisha mabomba membamba katikati ya miamba, Igogo na Mabatini zikiwemo, yanapita uani kwa watu. Kabla ya hapo choo kilikuwa kinafunguliwa mvua ikinyesha, kila mtu anajua. Bomba haliwezi kupita uani kwa jirani bila watu kukaa na kukubaliana. Taka ngumu zinashindikana nini? Vijana wa mtaa wapewe toroli, wazishushe mpaka lami, walipwe kutoka kwenye ada hiyohiyo.

Nyamagana_Damu: Ndiyo mfumo wenyewe ninaousema! Tatizo limetambuliwa, hatua imechukuliwa, inabaki kupima.

Mwana_Igogo: Hapana, mkuu. Hilo ni bomba. Wewe ulisema mkaguzi na malengo. Cheti ukutani hakizoi kiroba. Na lile neno "wabadilike" bado hujalifuta.

Mzee_Kirumba: Vijana, tulieni. Miaka ya 90 gugumaji lilifunga mialo, mtumbwi hautoki, tukawa tunalivuta kwa mikono na reki. Mradi wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria ukaanza 1997, fedha za nje. Mradi una tarehe ya mwisho, halmashauri haina. Ndiyo maana namuunga mkono huyu wa kwanza: kazi ikae halmashauri na ikaguliwe. Ila matokeo ya ukaguzi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya wanaolipa ada. Yakibaki kwenye faili la mkurugenzi, sisi yatatufikiaje?

Mwana_Igogo: Shikamoo mzee. Yakisomwa mtaani, mimi nipo mstari wa mbele. Nitaanza na ada: imekusanywa kiasi gani Igogo, na gari limekuja mara ngapi.

Duka_Mabatini: Uliza pia nani anazoa Mirongo mvua ikikatika, maana sasa hivi ni mimi na jirani yangu, kwa majembe yetu.

Nyamagana_Damu: Basi hayo ndiyo malengo mawili ya kwanza. Yaandikwe, yapewe mtu.

Binti_Bwiru: Matatu. Mita 60 naona mmeziruka tena, na safari hii mmeziruka wote.