Notisi ya kodi ya Reading imenikuta Mbeya: nilipe au nikatae?

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ndaga kwa wa Rungwe na Kyela.

Niko Uyole kwa msiba wa baba mdogo. Jana mwenzangu ninayepanga naye nyumba Reading, mji wa England, kanitumia picha ya ujumbe wa mwenye nyumba: kodi inatoka pauni 950 kwenda 1,150 kuanzia tarehe 15 mwezi ujao, na asiyeafiki ahame. Ni ujumbe wa simu tu, hakuna karatasi. Sisi hulipa kila tarehe mosi, na mara ya mwisho alipandisha miezi minane iliyopita. Mama ananiambia nilipe yaishe, nisije nikarudi nikakuta vyombo vyangu viko nje. Naombeni ushauri, siku zinakwenda.

Mdogo wenu, Uyole

*

Mdogo wangu, pole sana kwa msiba, Mungu awape nguvu.

Mama msikilize kwa mengine yote, ila hili usilifanye. Usilipe hiyo 1,150. Endelea kulipa 950 tarehe mosi kama kawaida, tena kwa benki ili ushahidi ubaki. Ukianza kutoa kiasi kipya huku unalalamika, malalamiko yako yanapungua nguvu. Na ukiacha kulipa kabisa kwa hasira unampa silaha, maana malimbikizo ya kodi ni sababu halali ya kukupeleka mahakamani.

Sasa tuutazame huo ujumbe. Kwa England, mpangaji wa mtu binafsi analindwa na kifungu cha 13 cha sheria ya nyumba ya 1988, nacho kimefanyiwa marekebisho na Renters' Rights Act ya 2025 iliyoanza kwa wapangaji tarehe 1 Mei 2026. Mwenye nyumba anatakiwa atumie fomu maalumu ya serikali, Form 4A. Ujumbe wa simu hautoshi hata kama ameuandika kwa adabu. Atoe taarifa ya miezi miwili, si hizo wiki chache. Kodi haipandi zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wewe umesema imepita miezi minane tu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatuliangalii: kodi mpya lazima ianze siku ambayo kipindi chenu cha malipo kinaanza. Kama mnalipa mwezi kwa mwezi kuanzia tarehe mosi, hiyo tarehe 15 ameitoa wapi? Kwa maelezo yako, notisi ina kasoro kila upande ninaougeuza.

Mwandikie leo hii kwa barua pepe, kwa heshima, bila kumtukana. Mwambie umeona ujumbe wake, kwamba haujafuata kifungu cha 13, kwamba utaendelea kulipa 950, na kwamba akileta notisi sahihi utaisoma. Basi. Usimweleze habari za msiba wala mshahara wako, hazihusiki hapa. Mwombe na mwenzako aweke sahihi kama mkataba ni wa wote wawili.

Baadaye anaweza kujirekebisha akaleta fomu sahihi. Hapo swali linabadilika, linakuwa je, kiasi chenyewe ni cha haki? Ukiona ni kikubwa mno, unapeleka maombi kwenye baraza linaloitwa First-tier Tribunal kabla ya ile tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye notisi. Ikishapita, umechelewa. Maombi yanaweza kwenda kwa barua pepe, kwa hiyo hata ukiwa Uyole huna sababu ya kusubiri ndege. Baraza huangalia bei ya soko, yaani nyumba kama yenu mtaa huo inapangishwa kwa ngapi. Kusanya matangazo ya nyumba zinazofanana na yako, piga picha ya ukungu ukutani kama upo, na kama mliweka zulia au kupaka rangi kwa fedha zenu, sema. Kwa sheria mpya baraza haliwezi kukupangia kodi kubwa kuliko aliyoomba mwenye nyumba. Zamani liliweza, na ndiyo maana watu wetu wengi waliogopa kwenda.

Kuhusu vyombo kutupwa nje: hawezi. Kufukuza bila kutoa sababu kulikuwa kupitia kifungu cha 21 cha sheria ile ile ya 1988, nacho kimefutwa. Akibadilisha kufuli bila amri ya mahakama anatenda kosa la jinai. Mwambie mama alale salama.

Ukitaka mtu aisome notisi kabla hujajibu, mashirika ya ushauri ya Shelter na Citizens Advice yanasaidia bure.

Dada yako wa Makambako, niliyeko Leeds

*

Naongeza dogo kwa walioko Scotland kama mimi: msichukue maelezo ya dada mkayatumia huku. Kwetu notisi ya kodi ni miezi mitatu, na sheria yake ni nyingine kabisa. Wa Wales nao wana fomu yao.

Kaka wa Tukuyu, Glasgow

*

Wanangu, nimesoma nikiwa Kihesa, Iringa. Binti wa Makambako ameeleza vizuri. Nami nina neno kwa ninyi mlioko huko mkiwa na nyumba huku Mbeya, Forest, Iyunga, Ilomba, mnaowapangisha walimu na wanafunzi wa chuo. Sheria yetu ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinachomlinda mpangaji wa Mbeya kwa sehemu kubwa ni mkataba wake. Wengi hawana hata karatasi, wamelipa miezi sita kwa dalali wakapewa funguo. Mnapopandisha kodi kwa kumpigia simu shemeji awaambie wapangaji, mnawafanyia kile kile mnachokilalamikia Reading. Waandikieni mkataba, wekeni humo muda wa taarifa kabla ya kodi kupanda, na kila upande ubaki na nakala. Likitokea la kutokea, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakuwa na kitu cha kusoma.

Wewe wa Uyole, barua hiyo iandike kabla hujaenda matangani leo.

Mzee wa Kihesa