Kitabu cha pili kiwe kipi?

Mpenda Riwaya (Tanga): Wadau, shoga yangu niliyekaa naye dawati moja yuko Muscat mwaka wa sita sasa. Kila nikimaliza riwaya namrekodia sauti WhatsApp, naye hunisimulia zake. Jumamosi shangazi yake anasafiri, kanipa nafasi ya vitabu viwili tu. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) nimeshaiweka, nakala yangu ileile yenye doa la chai. Cha pili?

Jirani wa Pangani: Peponi ya Gurnah, iliyotoka kwa Kiswahili 2022.

Bin Kitabu: Doa hilo usilifute!

Mpenda Riwaya: Nilifute vipi, chai aliimwaga mwenyewe. Peponi naichukua, ila naimaliza kwanza mimi. Leo Jumatano, usiku silali.